Motokaa ya Marehemu Ami

Ndugu wasomaji, nawaomba radhi kabla ya maneno, kwani kurasa hizi zimezoea kuzungumza mambo ya malezi na ya nyumba, na leo mimi nataka kuzungumza juu ya motokaa. Mimi ni mwalimu wa chuo, umri wangu umepita miaka hamsini, na kazi niijuayo ni kuwafundisha watoto alifu na be. Ufundi wa vyuma sina. Lakini yaliyonipata kwa motokaa hii yana funzo kwa kila mwenye nyumba, hata yule ambaye chombo chake ni baiskeli.

Ami yangu marehemu alikuwa mfanya biashara hapa Tanga. Alifariki mwaka 2014, wala hakuacha mtoto wa kiume. Binti zake wawili wakapata thuluthi mbili zao, mjane akapata thumuni yake, na baki likanijia mimi kwa uasaba. Katika baki hilo ilikuwamo motokaa yake, Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1982, rangi yake ya maziwa, pamoja na daftari moja la mistari. Motokaa niliipokea kwa furaha. Daftari nililitia katika kisanduku cha mbele, nikalisahau.

Wajerumani walianza kuuza motokaa za jamii hii mwaka 1976, na hata walipoacha kuziunda, mwanzoni mwa mwaka 1986, zilikwisha toka kiwandani karibu milioni 2.7. Kwao zilikuwa motokaa za watu wenye nafasi, na papo hapo zilikuwa teksi, kwa sababu ya uvumilivu wake. Injini ya hii yangu ni ya dizeli, ya lita 2.4 na silinda nne, na nguvu zake ni za farasi 72 tu, hali uzito wa motokaa yenyewe ni karibu kilo 1,400. Basi si farasi wa mbio. Ni punda wa haja, aendaye pole pole na kufika.

Lakini punda huyo alivishwa lijamu ya kifalme. Ile nyota yenye ncha tatu juu ya boneti ina maneno yake katika nchi zetu. Baada ya uhuru watu waliwabandika jina wakubwa waliopanda motokaa hizi, wakawaita Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililozuka. Na mimi, mwalimu nilipwaye ada za watoto, nilipopita nayo sokoni nilisikia vijana wakinong'ona, "Maalimu naye kawa Mbenzi." Mdomoni nilikanusha. Moyoni, nasema kweli, nilifurahi.

Furaha ile ndiyo iliyonitia makosani. Kila Alhamisi alasiri niliiosha mwenyewe, nikaipangusa vioo na nyota yake hata nikaona uso wangu. Viti nilivishonea mavazi mapya. Lakini yaliyo chini ya boneti niliyaacha mpaka yalie yenyewe.

Mwaka 2017 yakaanza kulia. Kwanza milango. Motokaa hii ukifunga mlango wa dereva kwa ufunguo, mingine nayo hujifunga. Ikaacha kujifunga. Nikasema, uzee. Kisha, baada ya miezi, nilizungusha ufunguo ili niizime, nikautoa, nikautia mfukoni, na injini ikaendelea kunguruma kama kwamba hapana aliyeiambia neno.

Nikamwita fundi mmoja, mtu mzima aliyezifanyia kazi motokaa hizi tangu ujana wake. Akanieleza vizuri. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche za umeme kama ya petroli. Ikisha kuwaka huendelea kwa joto la hewa inayobanwa ndani yake, wala haizimiki ila ikatiwe mafuta. Katika motokaa yangu, kinachokata mafuta ni mvuto wa hewa, ambao mafundi huuita vakyumu. Mvuto huo unatoka katika pampu ndogo iliyo mbele ya injini, nao unapita katika mipira myembamba kwenda mahali patatu: kwenye kuzimia injini, kwenye kufunga milango, na kwenye chombo kinachousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki.

Akasema, "Maalimu, pampu imechoka. Kwa sasa fungua boneti, bonyeza kijiti hiki kwa mkono, itazima. Lakini lete fedha tuibadilishe."

Fedha ilikuwapo, ndugu zangu. Lakini Idi ilikuwa karibu, na bampa zilikuwa zimeingia kutu. Nikaipeleka fedha ile kwa wanaotia maji vyuma, bampa zikarudi zinameta kama sahani za harusi. Pampu nikaiahirisha. Ikawa kila nikifika mahali nafungua boneti, nabonyeza kijiti, na watoto wa chuo wanakusanyika kutazama. Nikawaambia kwa mzaha, "Motokaa hii haitaki kufa." Wakacheka, nami nikacheka.

Mwezi wa pili baada ya Idi tulipata khabari ya msiba wa jamaa yetu huko Lushoto. Nikampakia mama yangu, mzee wa miaka sabini na zaidi, na mke wangu, na watoto wawili wa dada yangu. Tukashika njia ya Segera, Korogwe, mpaka Mombo, kisha tukaanza kupanda mlima. Kupanda hakukuwa na taabu. Tulizika, tukalala, na asubuhi ya pili tukaanza kushuka.

Wenye kuijua njia ile wanajua. Ni kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, mkono mmoja jabali, mkono wa pili bonde. Hapa Tanga pana tambarare, mtu hukanyaga breki mara moja, kisha huenda kitambo kabla ya kukanyaga tena, na pampu iliyochoka hupata nafasi ya kuvuta hewa pole pole. Mlimani haipati nafasi hiyo. Kona ya kwanza breki ilishika. Ya pili ikashika. Tulipokwisha ipita Soni nikakanyaga, na mguu wangu ukakuta kitu kigumu kama jiwe.

Breki haikuwa imekufa. Baadaye fundi alinifahamisha kwamba mafuta ya breki yalikuwamo na magurudumu yote manne yalikuwa tayari kushikwa. Kilichopotea ni ule msaada tu, na mtu aliyezoea kukanyaga kwa kidole huhitaji sasa kukanyaga kwa mwili mzima. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua kwamba mbele yetu lilikuwapo lori lililojaa kabichi, likienda taratibu, na sisi tulikuwa tukilijia.

Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Nikarudi kwenye gia ya pili, injini ikapiga ukelele. Mke wangu alishika dari. Nyuma nilimsikia mama akisoma kwa sauti ndogo, bila ya kukatiza. Niliielekeza motokaa kwenye ubavu wa mlima, ikajisugua kwa udongo na mawe, ikasimama. Hapana aliyeumia. Bampa ile niliyoitia maji kwa ajili ya Idi ilikunjika kama karatasi.

Tulishuka mpaka Mombo kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Nilipofika nikafungua boneti, nikabonyeza kijiti, injini ikanyamaza. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Mama akaomba maji, akanywa, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ami yako alikuwa akiizima kwa ufunguo."

Hakuongeza neno, wala sikuwa na la kumjibu. Kumbe aliiona ile dalili tangu tulipotoka nyumbani, akanistahi mbele ya mke wangu na watoto.

Fundi alipoifungua pampu alinionyesha kiwambo cha mpira kilicho ndani yake. Kilikuwa kimepasuka kama ngozi ya dufu lililosahauliwa juani. Akasema kwamba ningeendelea hivyo, chuma cha pampu kingeweza kukatika, mapande yake yakaanguka ndani ya injini na kuivunja yote. Tukatia pampu nyingine. Jioni ile nilizungusha ufunguo, na motokaa ikazima papo hapo. Sijapata kuupenda ukimya kama ule.

Ndipo nilipolikumbuka daftari. Nikalitoa kisandukuni, nikalisoma barazani baada ya sala ya isha. Marehemu aliandika kila kitu: siku aliyomwaga oili, siku aliyobadilisha chujio la dizeli, mipira ya breki, na kilomita zilizosomeka kila mara. Aliandika kwamba vavu zipimwe injini ikiwa baridi, za kuingizia hewa nafasi yake milimita 0.10, za kutolea moshi 0.30. Mwandiko wake ulikwisha kwenye mwezi ule alioanza kuugua. Baada ya hapo zilifuata karatasi tupu, na utupu ule ulikuwa wangu mimi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimerithi mali, lakini kazi ya mali hiyo sikuirithi.

Wengine wananishauri niiuze ninunue kijapani kidogo, nami siwalaumu. Spea za motokaa hii ni ghali, na mwalimu wa chuo hana mfuko wa mfanya biashara. Labda siku moja nitaiuza, na nitakayemwuzia nitampa na daftari, ayaone mazuri yake na aibu zake. Lakini maadamu iko mikononi mwangu nimejiwekea sharti: kila fedha inayopatikana kwa ajili yake huanza kwenye breki, matairi, mipira na mafuta. Kikibaki kitu, ndipo nafikiri juu ya kung'aa. Bampa ile mpaka leo imekunjika. Sikuinyosha.

Nami nawauliza wenzangu wenye majumba: ni dalili gani nyumbani kwenu mnayoifanyia mzaha? Waya unaotoa cheche, paa linalovuja juu ya kitanda cha mtoto, kikohozi cha mzee kisichokwisha? Kitu huanza kwa kukataa jambo dogo, nasi tukapata hila ya kulipita, na hila ikawa mazoea. Nyumba nyingi nazo zimekaa kwenye tambarare. Ubovu wake haujulikani ila siku ya mteremko.

Mama yangu alipanda tena motokaa ile mwezi uliofuata, tukaenda Pangani kumtazama mgonjwa. Tulipofika nilizungusha ufunguo, ikazima. Alitabasamu, akashuka kwa mkongojo wake, wala hakusema kitu.

Wabillahi taufiki.