Ada ya Cheti cha Maadili Mema: Kutoka Dirisha la Karani hadi Simu ya Mkononi

Nchini Kenya, cheti cha maadili mema ni hati inayotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, maarufu kwa kifupi chake DCI, baada ya alama za vidole za mwombaji kulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu zilizohifadhiwa na polisi. Mwalimu anayetaka kusajiliwa, dereva au utingo wa matatu, bawabu wa kampuni ya ulinzi na kijana anayekwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, wote hutakiwa kuwa nayo, na wote huilipia. Maneno yaliyomo katika hati hiyo hayajabadilika sana. Kilichobadilika ni njia ya kulipa ada yake, na badiliko hilo, ingawa linaonekana dogo, limegusa uhusiano wa mwananchi wa kawaida na dola kuliko sheria nyingi zilizopitishwa kwa kishindo.

Uhusiano huo una historia chungu. Sheria ya usajili wa Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole pamoja na taarifa za mwajiri na mshahara, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kipande kiliondoka pamoja na aibu yake, lakini wazo kwamba anayetafuta kazi sharti kwanza aoneshe vidole vyake lilibaki, na wazee walioyajua mambo hayo hawakuhitaji kuelezwa kwa nini wajukuu wao walirudi nyumbani na wino mweusi kwenye ncha za vidole.

Mwandishi wa kumbukumbu hii ni wa kizazi kilichotafuta kazi kabla ya simu kuwa pochi. Katika miaka hiyo ada ililipwa kwa pesa taslimu au kupitia benki, ambako mwombaji alijaza hati ya malipo, akapanga foleni, akapigiwa muhuri, kisha akaibeba stakabadhi hiyo kama yai hadi kwenye ofisi ya polisi, kwa sababu aliyeipoteza hakuwa na ushahidi mwingine wa kulipa. Baada ya hapo ilikuja foleni ya alama za vidole, na baada ya wiki kadhaa safari nyingine ya kwenda kuchukua cheti, ambayo mara nyingi ilimalizika kwa kuambiwa arudi wiki ijayo. Kwa mkazi wa Nairobi safari hizo zilikuwa usumbufu; kwa aliyetoka Lamu au Mandera zilikuwa nauli, malazi na chakula, gharama zilizoipita ada yenyewe mara nyingi. Katika pengo hilo ndimo walimoishi madalali, watu waliojitia kujua njia ya mkato, ambao walipokea ada pamoja na "chai" bila kutoa risiti yoyote.

Mwanzo wa badiliko haukuwa serikalini. Mnamo Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilizindua M-Pesa, huduma ambayo herufi yake ya kwanza husimama badala ya neno la Kiingereza la simu ya mkononi na ambayo humwezesha mtu kuweka fedha katika akaunti iliyofungamanishwa na nambari yake ya simu, kuzituma kwa ujumbe na kuzitoa kwa wakala wa karibu. Wananchi waliipokea kwanza kwa ajili ya kuwatumia wazazi pesa nyumbani, kisha wakaizoea kwa karo, umeme na bidhaa za dukani, hivi kwamba serikali ilipofungua Vituo vya Huduma mwaka 2013 na mfumo wa mtandaoni wa eCitizen mwaka 2014, haikuwa na kazi ya kuwafundisha watu kulipa kwa simu, bali ilikuwa na kazi ya kujifunza kupokea malipo ambayo mama muuza mboga alikwisha kuyapokea kwa miaka kadhaa.

Namna malipo hayo yanavyofanyika inastahili kuelezwa, kwa maana nguvu yake imo katika wepesi wake. Mwombaji hufungua akaunti katika eCitizen kwa nambari ya kitambulisho chake, huchagua huduma ya cheti, na mfumo humwandalia ankara ya shilingi 1,050, ambazo kati yake shilingi 1,000 ni ada ya cheti na shilingi 50 ni gharama ya huduma ya mtandao. Ombi la malipo hutokea kwenye simu yake, yeye huingiza nambari ya siri, na papo hapo hupata ujumbe mfupi wenye nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Nambari hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya stakabadhi iliyobebwa kama yai: hailowi, haichaniki, na karani hawezi kudai kwamba hakuiona. Mwaka 2023, serikali ilipoelekeza malipo ya huduma zake kwenye nambari moja, 222222, mwombaji aliondolewa pia shaka ya kujua ni akaunti ipi iliyo ya kweli.

Hata hivyo si kila safari iliyofutwa. Baada ya kulipa, mwombaji huchapisha fomu ya C24 na kwenda kuchukuliwa alama za vidole, kwa kuwa vidole havitumwi kwa ujumbe. Asiye na simu ya intaneti huenda kwenye duka la kompyuta ambalo Wakenya huliita saiba, na humlipa kijana wa hapo amjazie fomu, jambo linalomaanisha kwamba mtu wa kati hajatoweka kabisa, ingawa wa sasa hutoza kwa bei iliyobandikwa ukutani. Tena, kinachotegemea mtandao huanguka pamoja nao: mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, na kwa siku kadhaa waliohitaji huduma walikumbushwa kwamba dirisha lililofungwa mtandaoni halina hata karani wa kumuuliza.

Lakini swali zito zaidi ni la haki. Simu imerahisisha kulipa, haikujibu kwa nini asiye na kazi alipe ili aruhusiwe kutafuta kazi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yaligusa swali hilo yalipomzuia mwajiri kudai vyeti vya namna hii kabla ya kukusudia kumpa mwombaji mkataba wa maandishi, na hiyo ni hatua ya kweli, kwa sababu humwepusha kijana na kutumia shilingi zake za mwisho kwa ajili ya nafasi ambayo hataipata. Hata hivyo waajiri wengi bado huitangaza nafasi ya kazi na papo hapo kudai vyeti vyote, na vijana, kwa kuogopa kuachwa nyuma, hulipa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 47, humpa kila mtu haki ya kuhudumiwa na vyombo vya utawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Pochi ya simu imeleta haraka na sehemu kubwa ya ufanisi. Sehemu iliyobaki ni ya watu, si ya mitambo: wabunge wamsamehe ada anayeomba cheti kwa mara ya kwanza, waajiri waiheshimu sheria ya 2022, na kijana anayesoma haya ajue kwamba asiyekusudia kumwajiri hana haki ya kumdai cheti.