Jimbo la Walioshindwa

Brooklyn Park, Minnesota
Januari 2025

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kwenye basi la alfajiri nikienda kazini, dirisha limeganda barafu hadi kwa ndani. Nimefurahi kusikia goti linapata nafuu na kwamba baraza ya kahawa hapo Ngamiani haijavunjika. Swali la wazee wenzako nalo nimelipata: huyo mama Kamala Harris aliyeshindwa na Trump sasa ataenda wapi? Maana kwetu, kama ulivyosema huku unacheka, mtu akikosa urais ama anakimbilia nje, ama anaburuzwa mahakamani, ama ananuna miaka mitano, ama anavaa shati la kijani la chama tawala na tunamwona anaapishwa kuwa mkuu wa wilaya.

Swali mmelileta mahali pake. Minnesota ni jimbo la walioshindwa. Halijatoa rais hata mmoja. Limetoa makamu wa rais wawili, Hubert Humphrey na Walter Mondale, na kila mmoja alipoutaka urais wenyewe aliangushwa, Humphrey mwaka 1968, Mondale mwaka 1984. Kuna Harold Stassen, aliyechaguliwa gavana akiwa na miaka 31, akatia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 1945, kisha akamaliza miongo kadhaa akiomba tiketi ya Republican bila kuipata, mpaka jina lake likawa mzaha. Na Novemba iliyopita gavana wetu Tim Walz, mgombea mwenza wa Kamala, kaingia kwenye ukoo huo.

Lakini nenda pale Chuo Kikuu cha Minnesota uone. Shule ya uongozi wa umma ina jina la Humphrey. Jengo la shule ya sheria lina jina la Mondale. Hata uwanja wa ndege wa Minneapolis, jengo la pili la abiria ni la Humphrey. Mgeni anaweza kudhani hawa ndio waliotawala.

Mimi katika wote nampenda Mondale, na nakwambia sababu. Julai 1984, akipokea tiketi ya Democratic kule San Francisco, alisimama mbele ya taifa akasema kodi zitapanda: Rais Reagan atapandisha na mimi nitapandisha, ila yeye hawaambii, mimi nimeshawaambia. Hebu mfikirie mgombea wa kwetu anapanda jukwaani na maneno hayo! Novemba akapoteza majimbo 49. Akabakiwa na mji mkuu wa Washington na jimbo lake hili, na hata hapa aliponea kwa kura zisizofika 4,000. Kura za wajumbe wa majimbo, ambazo huku ndizo zinazoamua rais, zilikuwa 525 kwa 13. Wanasiasa wa huku waliisoma kura ile kama onyo, na sasa mambo ya fedha kwenye kampeni ni porojo tupu: kila mmoja atapunguza kodi, ataongeza matumizi, na deni litajilipa lenyewe. Trump na Kamala wote wawili mwaka jana waliahidi kufuta kodi ya bakshishi za wahudumu wa mikahawa. Yule alisema kwanza, huyu akafuata, na hakuna aliyeona haya.

Mondale hakuishia hapo. Mwaka 2002, akiwa na miaka 74, chama kilimwomba agombee useneta siku chache kabla ya kupiga kura, kwa kuwa seneta Paul Wellstone alikuwa amefariki katika ajali ya ndege. Akashindwa hapa hapa nyumbani. Kwa hiyo katika majimbo yote 50 ya Marekani hakuna hata moja ambalo halijawahi kumkataa. Watu wa hapa wanalisimulia hilo kwa kicheko, ila ukimsema vibaya mzee wao watakununia.

Alhamisi ya tarehe 9 mwezi huu ilikuwa mazishi ya kitaifa ya Jimmy Carter, naye pia mshindwa, aliyeangushwa na Reagan mwaka 1980. Nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Unajua kazi yenyewe: kuogesha, kuvalisha, kulisha, kugeuza kitandani. Asubuhi ile tuliwapanga wazee na viti vyao vya magurudumu mbele ya televisheni. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, nilikuwa namlisha mayai. Akapanda kijana wa Mondale kusoma maneno ambayo marehemu baba yake, aliyekuwa makamu wa Carter, aliyaandika mapema kwa ajili ya siku hiyo. Bibi akaushika mkono wangu na kijiko chake hewani, akanizuia. Mayai yakapoa. Yule kijana alipofika pale baba yake aliposema kwamba serikali yao ilisema kweli, ikatii sheria na ikalinda amani, bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Halafu akaniachia mkono, akaniambia mayai hayana chumvi.

Kabla ya kijana wa Mondale alikuwa amesimama kijana wa Gerald Ford, naye na karatasi ya baba yake. Hapo, Mjomba, nilitamani ungekuwa nami. Ford ndiye rais aliyeshindwa na Carter mwaka 1976, tena kampeni ile haikuwa ya kistaarabu. Oktoba 1981 wote wawili, sasa wakiwa wameonja kushindwa, walipanda ndege moja kwenda Cairo kumzika rais wa Misri, Anwar Sadat. Safari ni ndefu, wakazungumza, wakarudi marafiki. Baadaye wakaahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamsemea mazishini. Ford akatangulia mwaka 2006, Carter akatimiza. Na Ford akatimiza yake mwezi huu, miaka 18 akiwa kaburini, kwa mdomo wa mwanawe.

Humphrey naye, akiwa anamalizika kwa saratani mwishoni mwa 1977, alimpigia simu Richard Nixon, mtu aliyemshinda kwa tofauti isiyofika asilimia moja ya kura na ambaye baadaye alijiuzulu kwa aibu ya Watergate. Nixon alikuwa amejificha California, Washington haikanyagi. Humphrey akamwalika mazishini kwake. Januari 1978 Nixon akaja, akasimama mbele ya jeneza pale Bungeni. Kumfungulia adui yako mlango wa kurudi mjini kwa kutumia maiti yako mwenyewe, hilo mimi naliita uongozi kuliko hotuba zote za kuapishwa.

Sasa nije kwa Kamala wenu. Katiba ya huku ina ukatili wake. Makamu wa rais ndiye anayeongoza kikao cha Bunge la Congress kinachohesabu kura za wajumbe, kwa hiyo makamu aliyegombea akashindwa kwa kawaida inambidi asimame kwenye kiti cha juu atangaze mwenyewe kwamba kashindwa. Nixon alifanya hivyo 1961, Mondale 1981. Al Gore alifanya 2001, na yake ilikuwa chungu zaidi. Nchi nzima alikuwa anaongoza kwa kura zaidi ya nusu milioni, Florida akapungukiwa kura 537, na Mahakama ya Juu ikasimamisha kuhesabu upya kwa majaji watano dhidi ya wanne. Wabunge wa chama chake, wengi wao Weusi, waliinuka mmoja baada ya mwingine kupinga matokeo. Sheria ilitaka pingamizi liwe na saini ya seneta, na hakuna seneta aliyetia. Gore mwenyewe ndiye aliyewagongea nyundo wakae.

Tarehe 6 mwezi huu ilikuwa zamu ya Kamala. Theluji ilikuwa inamwagika Washington, uzio umezunguka Bunge. Alisoma 312 kwa Trump na 226 kwake, uso mkavu, kazi ikaisha kwa muda kama wa nusu saa. Miaka minne kabla, tarehe ile ile, Mike Pence, makamu wa Trump, aliagizwa na bosi wake asihesabu. Umati uliovamia jengo ulitaka anyongwe. Alifichwa, akarudi usiku, akamaliza kuhesabu alfajiri.

Siku tatu baada ya kikao cha Kamala, hao watatu, yeye na Gore na Pence, walikuwa kwenye kanisa moja wakimzika Carter. Trump naye alikuja, akampa Pence mkono. Kamera zilihangaikia zaidi Obama na Trump waliokaa bega kwa bega wakicheka. Mimi niliutazama ule mkono wa Pence.

Najua utakachosema. Carter alikubali kushindwa mapema mno usiku ule wa 1980, vituo vya California havijafungwa, hata chama chake kikamlaumu, na hakurudi tena Ikulu. Trump mwaka 2020 alikataa, akaenda mahakamani mara zaidi ya 60 akaambulia karibu patupu, akampigia simu msimamizi wa uchaguzi wa Georgia amtafutie kura 11,780, akasusia kuapishwa kwa Biden, na Jumatatu ijayo anaapishwa yeye. Mkaidi ndiye kafaidi. Siwezi kukupinga, Mjomba. Wapigakura wa Marekani walimwona, wakampima, wakampa, safari hii na kura nyingi za wananchi pia. Kwenye mdahalo wa wagombea wenza wa Oktoba Walz alimuuliza JD Vance swali moja tu la maana: Trump alishindwa 2020 au hakushindwa? Vance akasema anatazama mbele. Usiku mzima Walz alikuwa anababaika, ananakili vitu kwenye karatasi kama mwanafunzi, lakini swali lile lilikuwa lenyewe. Halikuwapatia hata jimbo moja kati ya yale saba ya ushindani.

Wala Democratic wasijifanye watakatifu. Stacey Abrams alipokosa ugavana wa Georgia mwaka 2018 alikataa kutamka kwamba kashindwa, akashangiliwa. Na Biden, ambaye kila mtu aliona mdahalo wa Juni umemshinda, alikawia kung'atuka kwenye kinyang'anyiro mpaka Julai 21, Kamala akabakiwa na siku zipatazo mia kufanya kampeni ya nchi nzima. Hiyo nayo ni namna ya kukataa kushindwa, ila ya kimya, na gharama kalipa mwingine.

Ndiyo maana Wamarekani wanapokuja kutufundisha nasikia kichefuchefu kidogo. Unakumbuka Agosti 2017 Kenya? Aliyeongoza waangalizi wa Kituo cha Carter, pamoja na mwenzake, ni John Kerry, mshindwa wa 2004, ambaye asubuhi ya pili alimpigia simu Bush akampongeza. Aliusifu uendeshaji wa uchaguzi akawataka walioshindwa wafuate njia ya sheria. Wakaifuata, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi ule alioupongeza. Sisi Watanzania hata hapo hatufiki. Katiba yetu, ibara ya 41, inasema Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Kwetu kukubali kushindwa hakuwezi kuwa uungwana, kwa kuwa mtu hana kingine cha kufanya. Kerry alikuwa na mahakama, wanasheria na Ohio ya kubishania. Aliviacha. Tofauti hiyo wazee wasiisahau wanapowacheka wapinzani wetu kwa kununa.

Basi jibu la baraza ni hili. Kamala ana miaka 60. Wapo wanaosema mwakani atautaka ugavana wa California, wapo wanaosema atarudia urais 2028. Nixon alipokosa urais 1960 aliutaka ugavana huo huo, akaukosa, akawatukana waandishi wa habari akisema anastaafu, na miaka sita baadaye akawa rais. Lakini huyo alikuwa Republican. Democratic hawana subira na aliyeanguka: wa mwisho kupewa tiketi ya pili baada ya kushindwa urais ni Adlai Stevenson, mwaka 1956, naye akashindwa tena. Kama kuna anayeweka dau la kahawa, mimi naweka kwamba harudi, na aniandikie jina lake nijue wa kumdai.

Hela ya dawa ya goti natuma Ijumaa. Nisalimie wote.

Mpwao