Sasa barafu naigandisha mimi

Kila Jumamosi mume wangu hubeba mifuko ya barafu, bandeji na taulo kuukuu, anaelekea uwanja wa Kidongo Chekundu. Yuko benchi la ufundi la timu ya kikapu ya daraja la chini hapa Dar es Salaam. Wachezaji humwita dokta. Halipwi, hupewa nauli tu, tena si kila wiki. Tumegombana sana kwa hilo.

Mwezi uliopita nilimfuata. Robo ya nne, wako nyuma kwa pointi moja, mfungaji wao akateguka kifundo cha mguu wa kulia. “Dokta, nifunge bandeji nirudi!” Kocha mkuu akamtazama mume wangu. Mume wangu akatikisa kichwa, akauinua ule mguu juu ya begi, akauwekea barafu iliyozungushiwa taulo. Kocha hakubisha. Wakafungwa. Njiani hakuna aliyemsemesha.

Usiku mama wa kijana alipiga simu, nikapokea mimi. “Dada, mwanangu ni bodaboda. Mguu huo ndio wa breki, ndio unaotulisha. Mwambie baba watoto asante.”

Tangu hapo sijauliza habari ya nauli. Ijumaa jioni, barafu naigandisha mimi.