Maoni ya Mtazamaji wa Picha Ndogo

Katika maonyesho mengi ya sanaa yafanyikayo nchini mwetu huwekwa mezani, karibu na mlango wa kutokea, kitabu kikubwa cha wageni. Kurasa zake zimepigwa mistari na kugawanywa katika safu nne: tarehe, jina, mahali atokako mgeni, na maoni. Safu ya maoni ndiyo ya mwisho, na mara nyingi ndiyo iliyo nyembamba kuliko zote. Ukizisoma kurasa hizo utakuta wageni wengi wameandika jambo lile lile: “Nzuri sana”, “Hongera”, “Endeleeni hivyo hivyo”. Mimi ni mmoja wao. Insha hii nimeiandika ili nilipe deni la maneno niliyopaswa kuyaandika katika safu ile, nami nikayakwepa.

Nilifundisha katika shule za msingi kwa miaka 34. Nilipostaafu, mikono iliyozoea chaki haikuweza kukaa bure, nikamwendea fundi mmoja wa mtaani kwetu nikamwomba anifundishe kuchora. Fundi huyu alikuwa ameutumia ujana wake kuandika vibao vya maduka na kupamba mabodi ya malori. Uzeeni alianza kuchora picha ndogo ndogo, zisizozidi shubiri moja kila upande, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, ngazi ilikuwa imemshinda. Jioni tatu kila juma tulikaa kibarazani kwake, yeye na mimi na vijana wawili watatu, kila mmoja na kipande chake cha ubao magotini. Hatukuwa wafanyabiashara. Picha zetu chache ziliuzwa. Nyingi zilitolewa zawadi kwa jamaa na majirani. Tulichora kwa kuwa kuchora kulitupendeza.

Yafaa ieleweke kwamba picha ndogo si jambo geni kwetu, wala si mchezo wa watoto. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Wilaya ya Tunduru, alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia mbao nyembamba za dari na rangi za mafuta za makopo, vitu ambavyo mtu wa kipato kidogo aliweza kuvipata dukani. Picha zake nyingi zilikuwa na ukubwa wa sentimita 60 hivi kila upande, yaani futi mbili. Na ubao mzima wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande vinane vya namna hiyo pasipo kubaki makombo. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi yake, nao walizidi kuvipunguza vipande, kwa sababu mgeni anayesafiri kwa ndege hupenda picha inayoingia katika mkoba wake. Kwa hiyo wako watu wanaozidharau picha ndogo, wakisema kwamba ni bidhaa za watalii tu.

Aliyewahi kujaribu kazi hiyo hasemi hivyo. Katika picha kubwa, kosa hufunikwa na wingi wa mambo yaliyomo. Katika picha ndogo kosa halina mahali pa kujificha. Brashi hupunguzwa mpaka zibaki nywele chache. Rangi ya kopo ni nzito, hivyo sharti itiwe tapentaini kidogo, si nyingi, maana ikizidi huchuruzika. Rangi ya kwanza huachwa ikauke mpaka kesho yake kabla ya kupakwa ya pili. Mkono wenye brashi huegemezwa juu ya mkono mwingine, na pumzi huzuiwa wakati jicho la mtu linapotiwa nukta yake nyeusi. Fundi wangu alikuwa akisema kwamba picha ndogo haitaki haraka kwa mchoraji wala kwa mtazamaji.

Miaka michache iliyopita tulipata habari kwamba katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam yangefanyika maonyesho ya siku tatu ya wachoraji wa kujifunza na wa kujifurahisha, na kwamba picha ndogo zingekaribishwa. Fundi alikuwa amepita miaka sabini, na maishani mwake hakuwa amepeleka picha katika maonyesho yoyote. Alipeleka moja tu. Ilionyesha pantoni likivuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni wakati wa jioni. Ndani ya shubiri ile moja mlikuwa na watu 43, kila mmoja na sura yake na nguo yake: wenye baiskeli, wauza samaki, askari, wanafunzi, mama mwenye mtoto mgongoni na kuku mkononi. Aliifanyia kazi miezi mitano, na katika miezi hiyo jicho lake la kushoto lilianza kuingia ukungu.

Tulipofika ukumbini tuliikuta picha hiyo imetundikwa juu ya dirisha, karibu na dari. Kuta zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya picha kubwa, na picha ndogo zilitumika kuziba nafasi zilizobaki. Mbele ya ukuta ilifungwa kamba ili watu wasisogee karibu kuliko hatua moja. Mwanga wa dirisha uliingia machoni mwa mtazamaji, na rangi ya mafuta, ambayo kwa tabia yake hung’aa, ilirudisha mwanga wa taa kama kioo. Chini yake paliandikwa: “Pantoni, Na. 61”. Jina la mchoraji halikuwapo.

Fundi hakulalamika. Kwa siku tatu alivaa kanzu yake na kofia yake ya vito, akasimama chini ya dirisha lile akingojea mtu amwulize habari za kazi yake. Watu walipita. Waliotazama juu waliona kijibao cha rangi ya samawati, wakaendelea na safari yao.

Siku ya tatu wakaja watoto wa shule. Walikuwa wamesimamishwa juani kwa muda mrefu wakimngojea mgeni rasmi, na sasa walipewa dakika chache za kuzunguka ukumbi mzima. Msichana mmoja, ambaye nadhani hakuzidi miaka tisa, alimwona mzee amesimama peke yake akamwamkia, “Shikamoo, Babu.” Kisha akauliza kile cha juu ni nini. Fundi akamjibu, “Ni watu.” Mtoto akasema haoni watu. Mlinzi, ambaye namshukuru mpaka leo, alisogeza benchi na kumruhusu apande. Yule mtoto alikaza macho kidogo, kisha akapaza sauti: “Huyu mama ameshika kuku! Na kuku anamwangalia mtoto!” Hapo watoto wote walilikimbilia benchi. Walipanda wanne wanne, wakihesabu na kubishana, mpaka mwalimu wao akaita kwamba basi linangoja. Fundi hakusema neno. Alivua kofia yake, akaifuta, akaivaa tena.

Jioni ile, tukitoka, nilitia sahihi katika kitabu cha wageni. Ndani ya daladala fundi aliniuliza, “Mwalimu, umeandika nini katika kile kitabu?” Nilimjibu kwamba nimeandika, “Maonyesho mazuri. Hongera.” Alinyamaza vituo viwili, kisha akasema, “Kama na mimi ningechora hivyo, lile pantoni ningelimaliza kwa siku moja.”

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Kwa nini niliandika vile, hali niliyaona yote? Nilijitetea moyoni kwamba watayarishaji walikuwa watu wema waliojitolea, ambao baadhi yao nawafahamu, na kwamba si adabu kumkosoa mwenyeji wako mlangoni pake. Lakini hoja hiyo haina mizizi katika utamaduni wetu. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Na katika roho hiyo ya taifa letu ukosoaji wa kazi ya sanaa una mahali pake pa heshima. Washairi wa Kiswahili wamelumbana kwa mashairi tangu enzi za mababu, na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, liliwapa washairi wa nchi nzima ukurasa wa kusomana na kujibizana. Kwa Wasukuma, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana baada ya mavuno: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Pale mtu hutoa maoni yake kwa miguu yake. Mchezaji anaona papo hapo kwamba uwanja umemhama, na mwaka ujao huja na mbinu mpya. Kumbe kunyamaza mbele ya kazi ya fundi, au kumpa sifa zisizo na sababu, ndiko kuliko geni kwetu.

Basi maoni niliyopaswa kuyaandika ni haya.

Kwanza, picha ndogo zitundikwe usawa wa macho ya mtu mzima, na nyingine chini kidogo kwa ajili ya watoto. Kamba iondolewe mbele yake, au picha ziwekwe mezani chini ya kioo, ili mtu ainame na kutazama kwa umbali wa shubiri moja au mbili. Desturi ya kusimama mbali ni desturi ya picha kubwa. Kioo cha kukuzia kimoja au viwili, vilivyofungwa kwa uzi kwenye meza, vingefaa kuliko mapambo ya karatasi yaliyoning’inizwa darini.

Pili, picha za rangi ya mafuta zisielekezane na dirisha wala taa kali. Mwanga utoke ubavuni. Jambo hili halihitaji fedha. Lahitaji mtu mmoja azunguke ukumbini siku moja kabla, asimame mbele ya kila picha, na ajiulize kama anaiona picha au anajiona mwenyewe.

Tatu, kila picha iandikwe jina la aliyeichora, mahali atokako, na vitu alivyotumia. Nambari ni ya karani wa kuuza. Mzee aliyetumia miezi mitano anastahili maneno matatu ya jina lake.

Nne, waamuzi watoe sababu. Washindi watatu walitangazwa wakapigiwa makofi, nasi tuliobaki tukarudi makwetu. Kijana mmoja wa kibarazani kwetu alishindwa, na mpaka leo hajui kama kosa lake lilikuwa katika rangi, katika mistari au katika mpangilio. Aliniuliza mimi, nami sikuwa na jibu. Sentensi mbili za mwamuzi zilizoandikwa nyuma ya kila picha zingemfundisha kuliko cheti.

Tano, iwepo pembe ya ukumbi ambamo mafundi wanachora mbele ya watu. Wengi wa waliokuja walikuwa watu kama mimi, wanaojifunza. Walitaka kujua brashi hupunguzwaje, na rangi huchanganywaje. Mafundi wa kuwaeleza walikuwapo siku zote tatu, wamesimama chini ya madirisha bila kazi.

Sita, hotuba zifupishwe na watoto wapewe muda. Hao ndio watakaoirithi sanaa hii, nao ndio waliokuwa na macho ya kuiona. Aidha, maonyesho yafungwe saa moja au mbili usiku badala ya saa kumi jioni, ili mfanyakazi naye apate kuja akitoka kazini.

Mwisho, safu ya maoni ipanuliwe. Afadhali zaidi, jioni ya siku ya mwisho viti vipangwe duara, wachoraji, watayarishaji na watazamaji waketi pamoja kwa saa moja, kila mmoja aseme jambo moja lililompendeza na jambo moja la kurekebishwa. Asiyejua kuandika naye atasikika.

Najua kwamba watayarishaji hawana fedha nyingi, na kwamba ukumbi hukodishwa kwa bei kubwa. Nisingependa maneno yangu yawavunje moyo. Pasipo wao, fundi wangu asingekuwa na ukuta hata huo wa juu ya dirisha. Ila mengi kati ya haya niliyoyataja hayana gharama zaidi ya benchi la mlinzi yule. Niliyaandika katika barua ya kurasa mbili, nikamsomea fundi kabla ya kuituma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niongeze kwamba misumari waliyotumia ilikuwa mikubwa mno.

Fundi hachori tena; jicho la pili nalo limeingia ukungu. Picha ya pantoni alinipa mimi. Nimeitundika sebuleni, usawa wa kifua, mbali na dirisha, na chini yake nimeweka kigoda. Wageni wangu hukaa na kuwahesabu watu. Wengi huishia thelathini na kitu. Wachache hufika arobaini. Kila nimtembeleapo fundi, baada ya kujuliana hali, huniuliza wamefikia wangapi juma hili, nami humweleza ni nani alikuja, alihesabu wangapi, na ni nani hakumwona askari aliyesimama nyuma ya gunia.