Kutoka Paani Hadi Mtaroni

Mwaka 2001 ofisi yetu ilikuwa Moi Avenue na mchapaji wetu Westlands, safari ya matatu moja. Kwa kuwa kila mmoja alihudumiwa na kampuni yake ya intaneti, barua pepe ilipanda setilaiti ikaenda ng'ambo, mara nyingi Marekani, ndipo ikarudi Nairobi. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti zilikuwa zimefungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Kufikisha data kituoni ilikuwa kazi nyingine. Tulitegemea antena juu ya paa, na antena mbili lazima zionane. Yetu ilielekea Upper Hill. Ghorofa jipya lilipochomoza katikati tukakatika, na kampuni iliyotuhudumia ikatushauri tukodi paa refu zaidi.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, sherehe zikapigwa pwani. Kwangu mimi, kazi ngumu ilikuwa huku Nairobi: mitaro ya Ngong Road, Valley Road na vichochoro vya Kilimani. Kampuni moja ilichimba, ikalaza mabomba ya kebo, ikafukia; nyingine ikaja na sururu zake pale pale, na njiani ikapasua bomba la maji. Mtaro mmoja ungewatosha wote, lakini nani angekubali kushirikiana na mshindani?

Siku moja nilisimama kumtazama fundi chini ya mwavuli. Alimenya ganda la plastiki, akapangusa kwa spiriti uzi wa kioo mwembamba kama unywele, akaukata, akauweka kwenye kimashine kinachoyeyusha ncha mbili kwa cheche zikashikana. Aliniambia kebo kuu huzungushwa mjini kwa duara: sururu ikikata upande mmoja, data inapitia wa pili.

Duara hilo halifiki mlangoni. Faiba, yaani uzi huo wa kioo, ilipoingia mtaa wetu Kileleshwa ilining'inia kwenye nguzo za stima, kampuni kadhaa nguzo moja. Lori refu likipita, linaondoka na waya wa mtu. Majirani tunatoka na simu, na fundi akipokea anauliza kwanza: "Wako ni mweusi wa ngapi kutoka juu?"