Je, Ni Dhambi Kukataa Parokia Ifungwe?

Sisi waalimu wa dini wa upande huu wa Mbuji tumeulizwa na Wakristo wetu neno moja, wala si dogo. Wamesikia ya kuwa huko Ulaya, walikotoka mapadre waliowabatiza babu zetu, na huko Marekani pia, parokia nyingi zafungwa. Basi wauliza: Askofu akiifunga parokia, Wakristo wakikataa, je, wametenda dhambi?

Twajibu: hapana, maadamu wakataa kwa njia ya haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema ni Askofu wa jimbo tu awezaye kuifuta parokia, wala asiifute pasipo kwanza kulisikiliza baraza la mapadre wake. Nao waonao kwamba wameonewa wana siku 10, tangu kupashwa habari ya amri, za kumwandikia yeye mwenyewe aibadili. Akikataa, wana siku 15 za kupeleka shauri Roma. Siku 10 ni chache mno! Katika milima yetu, mvua zikinyesha, siku hizo zaweza kupita watu wakingali wakiulizana.

Wako waliofanya hivyo wakasikilizwa. Katika mji wa Cleveland, Marekani, Wakristo wa parokia 13 zilizofungwa walipeleka shauri lao Roma. Mwaka 2012 Roma ikawarudishia. Wengine hawakupata. Huko Scituate, karibu na Boston, kanisa lilifungwa mwaka 2004, nao wakakaa ndani kwa zamu, usiku na mchana, miaka 11 na zaidi, hata wakashindwa na kutoka mwaka 2016. Hatuwahukumu, lakini kukaa ndani baada ya Roma kukata shauri, hilo sisi tusingewafundisha watu wetu.

Sababu isemwayo mara nyingi ni uchache wa mapadre. Hapo ndipo sisi tuna la kusema. Baada ya Vita Kuu ya kwanza mapadre Wajerumani wa Mtakatifu Benedikto waliondolewa katika nchi hii. Ni nani aliyewakusanya Wakristo siku ya Dominika? Waalimu wa dini. Walifundisha katekisimu, wakasali na wagonjwa, wakazika wafu. Ukristo haukufa, hata mwaka 1986 nchi yetu ya Mbinga ikapata jimbo lake. Roma nayo, katika maagizo ya Julai 2020, ilisema uchache wa mapadre au shida ya fedha ya jimbo peke yake si sababu ya kutosha kuifuta parokia.

Tena wasema, kanisa la jirani li karibu. Karibu kwa nani? Kwa mwenye ramani mezani! Bibi mwenye fimbo ashuke bonde, avuke mto, apande tena kati ya mashamba ya ngoro, naye hajala kitu.

Kwa hiyo, ndugu waalimu, barua ya kumwandikia Baba Askofu iwe ya adabu na iwe na hesabu: waliobatizwa mwaka huu ni wangapi, ndoa ngapi, zaka kiasi gani, vigango vingapi, na mwendo wa saa ngapi kutoka kila kigango. Vitabu vya parokia vinayo yote hayo, kama vimeandikwa vizuri. Wazee wa kila kigango watie sahihi, na tarehe iandikwe juu.