Kisado cha Karanga

Alfajiri moja mama mjane alinifuata nyumbani, hapa Buigiri, Dodoma. "Mbukwenyi," alisalimu, akatua kisado cha karanga mlangoni, kisha akafungua pindo la khanga na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya mauziano ya shamba lake. Shemeji yake alikuwa ameliuza.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, sisimami mahakamani kumtetea mtu. Kazi yangu ni kusikiliza, kusoma, kueleza, na kumwonyesha mtu mlango wa kubisha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitutambua, na huduma tunayotoa ni bure. Mshahara sina. Nauli ya kufuatilia mambo ya watu wilayani huitoa shambani.

Nilimsomea hati ile polepole. Akaniomba nirudie. Mara ya tatu akapitisha kidole juu ya mistari asiyoweza kuisoma, akauliza, "Mwanangu, jina langu liko wapi?" Halikuwepo. Wala muhuri wa kijiji haukuwepo, ilhali haki ya ardhi ya kijiji haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Tukaandika barua ya malalamiko. Mimi maneno, yeye dole gumba.

Ndipo akakisogeza kile kisado. Siku hiyo ndani kwangu unga ulikuwa wa kukung'uta gunia, na macho yangu yalikitazama. Lakini tangu 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, ardhi ya huku imepanda bei, na wanunuzi huja na bahasha. Mkono uliozoea kisado utaikataaje bahasha?

Nikamrudishia. "Unanidharau?" aliuliza, na swali lile liliniuma.

"Hapana, mama. Shauri likiisha nitakuja kama jirani, unikaangie."

Sisemi kwamba njaa ni heshima. Anayejitolea naye ana watoto, na wanaotutegemea tufike vijijini wangekumbuka kwamba nauli hailipwi kwa shukrani. Ila nimejifunza kwamba kuna kazi ambayo thamani yake hukaa palepale unapokataa kulipwa na mwenye shida.

Mama alijitwika karanga zake. Barua hakuikunja wala hakuifunga kwenye pindo. Aliondoka ameishika mkononi, wazi, kila aliyekutana naye njiani aione.